KUCHAGUA LENZI NDOGO KWA KAMERA NDOGO YA FILAMU

Watu wengi wanunuapo kamera ndogo ya filamu hufikiri sana habari ya kamera yenyewe, na lenzi huipokea vivyo hivyo ilivyo, kama mtu apokeavyo mfuko wa karatasi pamoja na sukari aliyoinunua. Kumbe lenzi ndiyo ichorayo picha. Kamera ni sanduku lenye giza. Kazi yake ni kuishika filamu, kuikinga na mwanga, na kuufungua mlango kwa muda unaotakiwa. Kila kionekanacho katika picha, uso wa mtu, mikunjo ya nguo, hata herufi za kibao cha duka, kimeingia kwa njia ya lenzi.

Somo hili lahusu lenzi fupi na nyepesi, zile ambazo mtu akizifunga katika kamera yake huweza kuitia katika mfuko wa koti. Limekusudiwa hasa kwa mtu apigaye picha za watu mahali penye nyumba zilizokaribiana na njia nyembamba, kama vile Riruta Satellite, Kawangware na Kibera katika mji wa Nairobi. Lakini msomaji aliyeko Tanga, Mwanza au Kampala atapata faida ile ile, maana vyumba vidogo na jua kali haviko Nairobi peke yake.

UZITO WA JAMBO HILI

Siku hizi simu ya mkononi hupiga picha mamia kwa mamia bila gharama, na mbaya hufutwa papo hapo. Mwenye kamera ya filamu hana nafasi hiyo. Mkanda mmoja wa kawaida una picha 36 tu. Hawezi kuona hata moja mpaka filamu isafishwe. Na filamu, dawa za kuisafishia na karatasi za kuchapia vyote ni fedha.

Zaidi ya hayo, mpiga picha wa filamu mara nyingi huitwa kwa ajili ya jambo lisilorudi. Tuseme bibi mmoja mzee wa Riruta Satellite amewakusanya wanawe na wajukuu wake siku moja ya mwaka, naye ataka picha ya wote pamoja chumbani mwake. Kesho yake mmoja atapanda basi kwenda Nakuru, mwingine atarudi Mombasa. Huenda picha hiyo ikawa ndiyo itakayochapwa katika karatasi ya ratiba ya mazishi yake, na baada ya hapo ikatundikwa ukutani miaka mingi. Kama uso wa bibi umetoka na ukungu, au kama wajukuu wawili wamekatwa pembeni kwa kukosa nafasi, hakuna wa kulaumiwa ila aliyeshika kamera, wala hakuna wa kuitwa tena akae mahali pake.

Kwa sababu hiyo kuchagua lenzi si jambo la anasa. Tena si lazima kununua lenzi kubwa na ya bei kubwa. Jambo kuu la somo hili ni hili: pima chumba kwanza, mwanga pili, na lenzi mwisho. Mwenye kufuata utaratibu huo mara nyingi ataona kwamba lenzi ndogo yatosha.

ASILI YA LENZI NDOGO

Mwaka 1902 Paul Rudolph, mtaalamu wa kiwanda cha Carl Zeiss huko Jena, Ujerumani, alibuni lenzi iliyoitwa Tessar. Ilikuwa na vipande vinne tu vya kioo, lakini ilichora picha kali kuliko lenzi nyingine nyingi za siku zile. Vipande vichache huifanya lenzi iwe fupi na nyepesi, na mpaka leo lenzi ndogo nyingi zafuata mpango ule.

Katika nchi hiyo hiyo, mjini Wetzlar, alikuwako fundi wa kiwanda cha Leitz jina lake Oskar Barnack. Alikuwa na ugonjwa wa pumu, na kubeba kamera kubwa za wakati ule kulimchosha. Akatengeneza kamera ndogo iliyotumia filamu ya sinema, na kila picha yake ilikuwa na upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kamera hiyo, Leica, ilianza kuuzwa mwaka 1925. Lenzi yake, iliyobuniwa na Max Berek, ilikuwa ya milimita 50, nayo iliweza kusukumwa ndani ya kamera wakati haitumiki.

Kamera hizo ndogo zilibadili namna ya kupiga picha. Mfaransa Henri Cartier-Bresson alivutwa sana na picha moja ya Martin Munkácsi, ijulikanayo kwa jina la Ziwa Tanganyika, inayoonyesha wavulana watatu wakikimbilia majini. Mwaka 1932 alijinunulia Leica, na kwa miaka mingi alitembea nayo akitumia zaidi lenzi ya milimita 50. Watu hawakushtuka walipomwona, kwa kuwa chombo chake kilikuwa kidogo.

Baadaye Wajapani waliendeleza jambo hilo. Yoshihisa Maitani wa kampuni ya Olympus aliongoza kazi ya kutengeneza kamera ya kioo iliyo ndogo na nyepesi, ikatolewa mwaka 1972. Mwaka 1976 kampuni ya Pentax ilitoa lenzi ya milimita 40 yenye unene wa milimita 18 tu na uzito wa gramu 110, bapa kama chapati. Wala mambo hayo hayakwisha: mwaka 2024 Pentax ilitoa kamera mpya ya filamu, Pentax 17, yenye lenzi yake ndogo isiyotolewa.

KWANZA: PIMA CHUMBA

Kila lenzi ina namba iliyoandikwa kwa milimita: 28, 35, 40, 50 na kadhalika. Namba hiyo ni urefu wa fokasi. Kwa mwenye kutaka kupiga picha maana yake ni nyepesi: namba ikiwa ndogo, lenzi huona mahali papana, namba ikiwa kubwa, huona mahali pembamba lakini vitu huonekana vikubwa.

Hesabu yake hufanyika kwa kalamu na karatasi. Kwa kamera za filamu ya kawaida, chukua 36, uzidishe kwa umbali uliopo baina ya kamera na watu, kisha ugawanye kwa namba ya lenzi. Jibu ni upana wa mahali patakapoingia katika picha.

Vyumba vingi vya kupanga huko Kawangware na Kibera vina futi kumi kwa kumi, yaani kama mita 3 kila upande. Mpiga picha akisimama na mgongo wake mlangoni, na watu wakikaa karibu na ukuta wa mbele yake, baina yao kutakuwa na mita 2 na nusu hivi. Basi lenzi mbalimbali zitaona hivi:

Lenzi ya milimita 50 itaona upana wa mita 1.8.
Lenzi ya milimita 40 itaona upana wa mita 2.25.
Lenzi ya milimita 35 itaona upana wa mita 2.57.
Lenzi ya milimita 28 itaona upana wa mita 3.2.

Watu wazima wanne waliokaa bega kwa bega huhitaji karibu mita 2. Hapo ndipo mwenye lenzi ya 50 atakapojikuta ameegemea mlango, hana pa kurudi nyuma, na mtu mmoja yuko nje ya picha. Mwenye 40 au 35 ataimaliza kazi akiwa ametulia.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini basi wote wasinunue ya 28, kwa kuwa yaona zaidi? Jibu ni kwamba lenzi pana ina tabia yake. Aliye karibu sana nayo huonekana pua yake imekuwa kubwa, na aliye pembeni mwa picha huvutwa akawa mnene kuliko alivyo. Ikiwa hapana budi kuitumia, mzee mwenye heshima akae katikati, wala asiwekwe pembeni kabisa. Na mpiga picha asiinamishe kamera chini wala kuinua juu, la sivyo kuta za nyumba zitaonekana zaanguka.

Jambo hili la nafasi si la Nairobi tu. Huko Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990 wapiga picha walikuwa na vibanda vyao karibu na kivuko, vimepambwa kwa mapazia na picha za kuchorwa, na mteja alisimama mbele ya mandhari aliyoitaka. Katika kibanda cha namna hiyo kila hatua moja ya kurudi nyuma ina thamani yake.

Kwa hiyo, kwa mtu mwenye lenzi moja tu, apigaye picha za watu ndani ya nyumba na njiani, lenzi ya milimita 35 au 40 ndiyo ya kufaa zaidi. Ya 50 ni nzuri kwa yule apigaye mtu mmoja mmoja, au ambaye kazi yake nyingi ni uwanjani.

PILI: PIMA MWANGA

Namba ya pili iliyoandikwa katika lenzi huonyesha ukubwa wa tundu la mwanga linapofunguliwa kabisa: f/1.4, f/2, f/2.8, f/3.5. Hapa namba ndogo ni tundu kubwa. Kutoka f/2.8 mpaka f/2 mwanga huongezeka mara mbili, kutoka f/2.8 mpaka f/1.4 huongezeka mara nne. Lenzi ndogo nyingi ni za f/2.8 au f/3.5, na wengi huzidharau kwa sababu hiyo.

Dharau hiyo yafaa ichunguzwe. Lenzi ya milimita 50 ikifunguliwa mpaka f/1.4, na mtu akiwa umbali wa mita 2, sehemu itakayokuwa kali katika picha, kutoka mbele hata nyuma, ni kama sentimita 13 tu. Macho ya bibi yatakuwa makali, lakini mjukuu aliyesimama nyuma ya kiti chake atakuwa ukungu. Lenzi ya milimita 40 kwa f/2.8, kwa umbali ule ule, itatoa kama sentimita 40. Basi kwa picha ya jamaa waliojipanga safu mbili, tundu kubwa halisaidii, kwa kuwa mpiga picha atalazimika kulipunguza hata hivyo. Mwenye lenzi ya f/1.4 amelipia mlango mpana ambao hawezi kuufungua wote.

Sasa mwanga wenyewe watoka wapi? Mpiga picha mwenye filamu ya 400 na asiye na flashi asimpange mtu katika pembe ya giza halafu akailaumu lenzi. Avute viti karibu na mlango au dirisha. Afungue mlango wote. Shuka jeupe likitundikwa upande wa pili hurudisha mwanga katika upande wa uso ulio kivulini. Kisha apime: kamera ikionyesha kwamba kwa f/2.8 shata (yaani kilango cha kamera kinachofunguka na kufungika) yaweza kwenda kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, lenzi ndogo ya 35 au 40 yatosha bila shaka. Ikionyesha sehemu moja ya 30, ashikilie kamera kwa nguvu, aegemee ukuta, na kuwaambia watu watulie. Ikionyesha chini ya hapo, hapo ndipo patakapohitaji kigoda cha miguu mitatu, au flashi, au lenzi yenye tundu kubwa zaidi.

Nje ya nyumba mambo hugeuka. Nairobi iko karibu sana na Ikweta, na karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua la saa sita mchana husimama karibu utosini. Wakati huo mwanga ni mwingi kupita kiasi, na macho ya mtu huwa mashimo meusi. Hakuna lenzi iwezayo kuponya jambo hilo. Mpeleke mtu chini ya upenu au kivuli cha ukuta, au mngoje mpaka saa kumi alasiri. Kadhalika mtu mweusi asisimamishwe mbele ya mabati yanayong'aa, kwa maana kipimo cha kamera hudanganywa na mwanga wa mabati, na uso ukatoka giza tupu. Pima mwanga ukiwa karibu na uso, ndipo urudi mahali pako upige.

TATU: SASA TAZAMA LENZI

Baada ya chumba na mwanga, ndipo mtu aende sokoni. Jambo la kwanza la kuuliza ni kama lenzi itaingia katika kamera yake. Kila kampuni ina kiungo chake. Kamera za zamani za Pentax na Zenit hutumia lenzi za kuingia kwa skurubu yenye upana wa milimita 42. Tangu mwaka 1975 Pentax ilianza kutumia kiungo kingine cha kuzungusha kidogo na kufunga. Nikon ina kiungo chake tangu mwaka 1959. Olympus, Minolta na Canon nao wana vyao. Mtu asinunue lenzi kwa kuambiwa kwamba zote ni sawa. Achukue kamera yake mkononi, aifunge lenzi, aizungushe, na kuhakikisha kwamba haichezi.

Hapa pana mtego wa siku hizi. Lenzi nyingi fupi zinazouzwa leo zimetengenezwa kwa kamera za dijitali. Nyingine zimekusudiwa kufunika mahali padogo kuliko picha ya filamu, nazo huacha pembe nne za picha zikiwa nyeusi. Nyingine hazina pete ya kubadili tundu la mwanga, hivyo katika kamera ya zamani tundu haliwezi kurekebishwa. Tena lenzi za kamera za dijitali zisizo na kioo ndani haziwezi kuona mbali zikiwekwa katika kamera ya kioo, hata kwa adapta. Zipo zinazofaa: Canon ilitoa mwaka 2012 lenzi ya milimita 40, f/2.8, yenye uzito wa gramu 130, nayo hufanya kazi hata katika kamera za filamu za Canon EOS. Lakini asiyejua na aulize kabla ya kulipa.

Katika lenzi za zamani, mtu aweza kutazama hizi. Mwenye kamera ya skurubu ya milimita 42 huweza kupata Industar 50-2 iliyotengenezwa Urusi, ya milimita 50, f/3.5, yenye vipande vinne vya kioo kama Tessar na uzito upatao gramu 70. Mwenye Pentax ana ile ya 40 iliyotajwa juu. Mwenye Nikon ana ya milimita 45, f/2.8, iliyotolewa mwaka 1969. Na asiyetaka habari ya kubadili lenzi kabisa aweza kutafuta kamera yenye lenzi yake isiyotoka, kama Olympus XA ya mwaka 1979, ambayo ina lenzi ya milimita 35, f/2.8, na kifuniko cha kusukuma kando.

Lakini jina kubwa si hoja. Lenzi nyingi ndefu kidogo za milimita 50, f/1.8 au f/2, ziliuzwa pamoja na kamera zake na hupatikana kwa urahisi kuliko zile bapa. Hizi bapa hutafutwa na watu wakusanyao vitu, na bei hupandishwa kwa ajili ya uchache wake. Ikiwa tofauti ya unene ni upana wa kidole kimoja, na tofauti ya bei ni mikanda kumi ya filamu, mwenye busara atanunua lenzi ya kawaida na kutumia fedha iliyosalia kujifunza.

NAMNA YA KUKAGUA LENZI ILIYOKWISHA TUMIKA

Mnunuzi aende mchana, akiwa na tochi ndogo na kitambaa safi. Na afanye haya kwa utaratibu:

1. Aishike lenzi mbele ya tochi na kutazama ndani yake kutoka pande zote mbili. Kuvu huonekana kama nyuzi nyembamba za utando wa buibui. Ukungu kama pumzi juu ya kioo ni mafuta yaliyoyeyuka. Vumbi kidogo si kitu. Kuvu na ukungu ni sababu ya kuiacha.

2. Atazame kioo cha nyuma kwa uangalifu zaidi kuliko cha mbele. Mkwaruzo mdogo wa mbele mara nyingi hauonekani katika picha, bali wa nyuma hudhuru zaidi.

3. Azungushe pete ya tundu la mwanga na kutazama vibamba vyembamba vya ndani. Vikiwa na mafuta hufunga polepole, na picha itapata mwanga kupita kiasi.

4. Azungushe pete ya umbali kutoka mwanzo hata mwisho. Iende kwa ulaini, isikwame wala isilegee.

5. Asome umbali wa karibu kabisa uliochorwa juu ya pete. Lenzi nyingine haziwezi kuona kwa ukali kitu kilicho karibu kuliko mita 1.

Muuzaji akikataa lenzi isikaguliwe, hilo nalo ni jibu.

ZOEZI LA SIKU MOJA

Anayepata lenzi mpya asiipeleke harusini siku ya kwanza. Achukue mkanda mmoja wa filamu na daftari. Kwanza atafute uzio wa mabati, ambao hupatikana bila shida kando ya Naivasha Road na katika njia za Kawangware. Asimame sawasawa mbele yake, apige picha moja kwa tundu lililofunguliwa kabisa, nyingine kwa f/5.6, na nyingine kwa f/11. Mistari ya mabati ni mwalimu mzuri: ikipinda, lenzi yapinda vitu, ikiwa mikali katikati na hafifu pembeni, mwenye lenzi amejua kwamba watu wasiwekwe pembeni mpaka tundu lipunguzwe.

Kisha ajifunze kuweka umbali mapema. Lenzi ya milimita 35 ikiwekwa umbali wa mita 3 kwa f/8, vitu vyote vilivyo kati ya mita 1.9 na mita 7.3 hivi vitakuwa vikali vya kutosha. Ya milimita 40 itatoa kutoka mita 2.1 mpaka 5.4. Ya milimita 50 itatoa kutoka mita 2.3 mpaka 4.2 tu. Maana yake ni kwamba mwenye lenzi ndogo na pana aweza kutembea katika njia yenye watu wengi, kamera yake imekwisha tayarishwa, na akapiga bila kuhangaika na pete. Apime hatua zake nyumbani kwa futi kamba, mpaka jicho lake lijue mita 2 na mita 3 bila kupima.

Kila picha na iandikwe daftarini: namba yake, tundu, mwendo wa shata na umbali. Filamu ikirudi kutoka kusafishwa, daftari hilo litamweleza mengi kuliko kitabu.

LENZI NDOGO NA MACHO YA WATU

Iko faida nyingine ya lenzi ndogo isiyopimwa kwa milimita. Mtu aelekezewapo lenzi ndefu kama bomba hujikaza, huficha uso, au huuliza kwa hasira picha hizo zapelekwa wapi. Kibera imepigwa picha sana na wageni waliokuja kutwa moja wakaondoka, na wakazi wake wana haki ya kuuliza. Lenzi ndogo haimpi mtu ruhusa ya kupiga kwa siri. Inamlazimisha kusogea karibu, na asogeaye karibu hana budi kusalimu, kusema jina lake na kuomba. Mwenye kuomba, na akarudi na picha iliyochapwa mkononi, hatafungiwa mlango mara ya pili.

UTUNZAJI

Vumbi la wakati wa kiangazi na unyevu wa masika ni adui wawili wa lenzi. Vumbi lipulizwe kwanza au liondolewe kwa brashi laini. Asiyefanya hivyo akafuta kwa shati hukwaruza kioo kwa mchanga. Lenzi isiwekwe karibu na jiko, kwa sababu ya moshi na mvuke. Ihifadhiwe katika kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vipatikanavyo katika masanduku ya viatu vipya. Itolewe na kutumiwa mara kwa mara, kwa kuwa kuvu hupenda chombo kilichofichwa gizani. Tena kamera isiyo na kioo ndani isiachwe mezani lenzi ikitazama jua bila kifuniko, maana jua likikusanywa na lenzi huweza kutoboa pazia la shata.

KWA UFUPI

Pima chumba, ukajue upana unaouhitaji. Pima mwanga, ukajue tundu unalolihitaji. Kisha tafuta lenzi inayoingia katika kamera yako, iliyo safi ndani, na ambayo bei yake itakuachia fedha za filamu. Kwa kazi nyingi za Riruta Satellite na mitaa iliyo kama hiyo, hiyo itakuwa lenzi ya milimita 35 au 40, yenye f/2.8, nyepesi kiasi cha kubebwa kila siku.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwenye lenzi kubwa iliyofungiwa kabatini hana picha. Mwenye ndogo aliyoizoea, aijuaye mipaka yake kama ajuavyo kizingiti cha nyumba yake, atakuwa tayari siku bibi atakapowakusanya wajukuu na kumwita. Na picha hiyo ikitundikwa ukutani, hakuna atakayeuliza lenzi ilikuwa na ukubwa gani. Wataitazama na kusema, "Ndiye yeye hasa."